Kadi yako ya kliniki, na swali uliloniuliza

Mwanangu mpendwa,

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, ikabidi niepue sufuria nikae chini. Unasema muuguzi wa kliniki huko Nairobi alikuuliza kama ulipata chanjo zote utotoni na kadi yako iko wapi, ukakosa la kumjibu, ukatoka pale na tumbo lako la miezi sita huku machozi yanakulengalenga. Halafu ukaniuliza: "Mama, wewe ulikuwa unaamini kweli yale mambo, au ulikuwa unamwogopa Baba tu?"

Kwa simu siwezi. Nitalia, utaanza kunibembeleza, na jibu litapotea hapo katikati. Ndiyo maana nakuandikia.

Niliamini. Na baba yako sikumwogopa hata siku moja. Aliyetuingiza kwenye ile kambi ya dini ni mimi.

Najua hukulitarajia. Miaka yote hii umekuwa ukimwona marehemu baba yako kama ndiye aliyetufungia mle, nami nimekuacha uamini hivyo, kwa sababu yeye yuko kaburini tangu 2019 na hawezi kujitetea, na mimi nilikuwa nataka uendelee kunipigia simu kila Jumapili. Hilo ndilo kosa langu la karibuni. Ya zamani nakusimulia sasa.

Wewe ulianza darasa la kwanza Januari 2003, mwezi ule ule serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi. Tulikuwa tunakaa Kisauni, Mombasa, chumba kimoja. Baba yako alikuwa kibarua bandarini Kilindini, siku anaitwa, siku anarudi mikono mitupu kabla jua halijapanda. Mwaka ule akaumia mgongo, akalala miezi minne. Ndugu zangu walikuja mara moja, wakaacha shilingi mia mbili, wakaenda zao. Mwenye nyumba alikuwa anabisha hodi kila asubuhi.

Ndipo wakaja wale wapendwa, kama watu wa kambi walivyoitana. Wanawake watatu, vitambaa vyeupe kichwani, na mfuko wa unga. Hawakuhubiri. Mmoja alichukua karai akafua nguo zetu zote, na mashuka ya baba yako mgonjwa pia. Mwingine alikuchukua mapajani akakuchana nywele. Walirudi kesho yake, na kesho kutwa, wiki tatu mfululizo. Nilikuwa sijaitwa kwa jina langu siku nyingi, mwanangu. Nilikuwa mama fulani, mke wa fulani, mpangaji wa chumba cha nyuma. Wao waliniita kwa jina. Mtu asikudanganye kwamba tulivutwa kwa vitisho. Vitisho vilikuja baadaye, tulipokuwa tumeshapenda.

Baba yako alisita. Alisema, "Hawa watu wazuri, lakini mbona hawana rafiki nje?" Nikamwambia moyo wake mgumu. Nililia usiku kucha, akakubali kwa ajili yangu. Kufikia mwisho wa 2003 tulikuwa ndani ya ua ule, mabati marefu pande zote, familia kumi na kitu, na mshahara wake ukawa unakwenda kwa mtunza hazina.

Nikuambie pia kwamba nilikuwa na furaha. Usikasirike. Kuimba alfajiri, sauti nne, bila ngoma, na upepo wa baharini unapita juu ya mabati, sijapata kusikia kitu kama kile tena. Kupika pamoja, kulea pamoja, hakuna aliyelala njaa kama mwenzake ana chakula. Wengi tuliotoka tukikutana tunanong'onezana jambo hili kama dhambi: tunakukumbuka kule. Wa nje hawaelewi. Wanadhani mtu akitoka gerezani hawezi kukumbuka chochote cha mle kwa wema.

Sasa haya mengine.

Mwaka 2004 Mtumishi, kiongozi wa kambi, alifundisha kwamba shule ni Misri, na mtu aliyevushwa bahari harudi Misri. Kesho yake asubuhi nilikuvua sare. Wewe ulikuwa darasa la pili, ulikuwa unajua kusoma kuliko wenzako, na ulidhani tunacheza. Sare ile nilishonea matambara ya kushikia sufuria. Baba yako alinitazama nikishona, hakusema neno.

Na ile siku uliyochapwa mbele ya wazee kwa kuficha gazeti, unaikumbuka. Unakumbuka mkono wa baba yako na fimbo. Lilikuwa kipande cha gazeti kilichofungiwa mahamri, kimelowa mafuta mpaka herufi za upande wa pili zinaonekana, nawe ulikikunja ukakiweka chini ya mkeka, ukawa unakitoa usiku kukisoma kwa mbalamwezi. Wazee walimwamuru baba yako akuchape, na alitii, hilo siwezi kumfutia. Lakini aliyekwenda kuwaambia wazee ni mimi. Nilikwenda kwa miguu yangu, mchana, nikijua ninakuokoa roho yako. Nisamehe. Sijui kuliandika kwa namna nyingine.

Kwa hiyo niliamini. Tulipoambiwa tuchome vitambulisho na vyeti ili tusihesabiwe na dunia, nilichoma kitambulisho changu, cheti changu cha darasa la nane, picha zetu za harusi, na cheti chako cha kuzaliwa. Nilivitia motoni kimoja kimoja nikiimba. Kadi yako ya kliniki sikuichoma. Niliizungushia karatasi ya nailoni nikaizamisha ndani ya debe la unga, na kila unga ulipokaribia kwisha niliihamisha usiku.

Utaniuliza, kama niliamini, kadi niliificha ya nini? Nimejiuliza miaka kumi na saba. Wakati mwingine nadhani ni kwa sababu ilikuwa na uzito wako wa kwanza, kilo mbili na robo, na mwandiko wa nesi aliyekaa nami usiku kucha ulipokuwa huvuti pumzi vizuri. Moyo wa mtu una vyumba, na kimoja sikuwa nimemfungulia Mtumishi. Lakini sitaki ukifanye chumba hicho kuwa ushahidi kwamba sikuwa naamini. Niliamini na niliificha, yote mawili ni kweli.

Mdogo wako alizaliwa mle 2006, kwa mkono wa mama mmoja wa kambi. Hakuchanjwa chochote. Mwaka 2008 surua ikaingia. Unajua surua haigusi mtu mmoja. Mtoto mmoja akikohoa chumbani, wasiochanjwa walio mle karibu wote wataipata. Ilianza na macho mekundu na mafua, halafu homa, halafu vipele kuanzia usoni kushuka mwilini. Tulifunga na kuomba. Watoto waliopona pia walifunga mpaka saa tisa.

Binti mdogo wa jirani yetu, yule mliyecheza naye mdako, alifariki siku ya sita. Mama yake alianza kulia kwa sauti, kilio kile cha tumboni. Wazee walinitazama mimi kwa kuwa nilikuwa rafiki yake. Nikamshika mabega nikamwambia, "Usilie. Ukilia unamwambia Mungu amekosea." Akanyamaza. Nilimnyamazisha mwanamke mwenzangu juu ya maiti ya mtoto wake, mwanangu, na nilijisikia nina nguvu za Roho.

Siku nne baadaye mdogo wako akapata homa. Usiku wa tatu kifua chake kilikuwa kinabonyea kila akivuta pumzi. Baba yako aliamka, akamfunga mtoto kwa kikoi, akasema, "Mimi nakwenda naye hospitali ya Makadara. Ukitaka, baki." Nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono. Nilimwambia akipita hapo amemuua roho. Alinisogeza pembeni taratibu, kama mtu anavyosogeza kiti, akapita.

Nilimsikia mtoto akikohoa mpaka kwenye geti. Kisha nikasikia geti. Na hapo mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye debe la unga.

Niliwakuta barabarani wakingoja gari, saa nane za usiku. Tulivuka daraja la Nyali ndani ya pikapu ya mtu wa samaki. Pale hospitali muuguzi aliniambia, "Mama, kadi ya mtoto." Nikampa. Aliipangusa unga, akaifungua, akasoma, akanitazama. "Huyu ni msichana, amezaliwa 1996." Nikasema, "Ndiyo niliyo nayo." Hakunigombeza. Alimpa mdogo wako matone ya vitamini A, wakamwekea hewa, wakaanza dawa ya nimonia. Na kwa kuwa mtoto hakuwa na karatasi yoyote, akageuza kadi yako akaandika nyuma yake: jina, miaka miwili, kilo tisa, na joto la mwili.

Wewe ulikuwa umelala chumba cha wasichana. Baba yako alirudi kukuchukua asubuhi. Ile picha unayoibeba, Baba anakuvuta mkono getini huku unalia na wanawake wanaimba wakikupa mgongo, ndiyo asubuhi hiyo. Alikuwa anakutoa. Ulidhani ni adhabu nyingine, na hatukuwahi kukaa chini kukueleza. Tulikuwa tunaona haya.

Yaliyofuata unayajua: chumba cha Mikindani, na wewe Januari 2009 umekaa darasa la tatu na watoto wa miaka tisa, magoti yako yakigonga dawati. Usiyoyajua ni kwamba mimi niliendelea kuogopa miaka miwili mizima. Nikipanda feri ya Likoni nilikuwa nahesabu watu nikijiuliza nani atazama kwa ajili ya dhambi yangu. Kituoni nilipokwenda kuripoti ili nipate kitambulisho kipya, askari aliandika "kimepotea", nami nikaona nimemkana Bwana na kudanganya serikali kwa wakati mmoja. Wapendwa wakituona Kongowea walikuwa wanavuka upande wa pili. Wale wale waliofua mashuka yetu.

Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi ya Shakahola, msitu ule ambako mhubiri aliwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe, hukuniuliza kitu, ila ulinipigia kila jioni. Nilikuwa nakaa mbele ya televisheni mpaka taarifa ya mwisho. Maiti zikapita mia nne, watoto wengi mno, na jamaa wamepanga foleni Malindi kuandikisha waliopotea. Majirani walikuwa wanasema, "Watu gani hawa wasio na akili?" Mimi nilikuwa naijua njia waliyopita. Yule mhubiri hakuanza na njaa. Alianza na shule, na hospitali, na vitambulisho, miaka kabla ya msitu. Hizo hatua tatu mimi nilishazipiga, na saumu ya watoto ilikuwa imeshaanza.

Najua swali ulilokuwa nalo jioni zile ukashindwa kulitamka. Mtumishi wetu hakutuita msituni. Angetuita mwaka 2005, ningekwenda, na ningekupeleka. Ningekuwa wa kwanza kufunga mizigo. Baba yako sijui. Nadhani angetutorosha njiani.

Bado nasali. Nakwenda kanisa lile la karibu na soko, nakaa karibu na mlango, na mchungaji akisema jambo lisiloniingia nauliza baada ya ibada. Alinijibu mara moja, "Mama, hilo sijui," nikarudi nyumbani nimefurahi.

Yule mama wa binti nilimtafuta. Alitoka mwaka 2011, anauza mchicha Kongowea. Nilimwomba msamaha mbele ya meza yake. Alinyamaza muda mrefu akifunga mafungu, kisha akasema, "Kilio kile bado ninacho." Nikamwambia, basi lia, niko hapa. Alilia palepale, wateja wakipita, nami nikamuuzia mchicha wake mpaka ukaisha. Huwa naenda siku za Alhamisi.

Sasa kadi. Umechanjwa, mwanangu. Kifua kikuu ulipozaliwa, kovu lake ndilo hilo dogo kwenye mkono wako wa kushoto chini ya kiwiko, ulilokuwa ukidhani umeungua. Matone ya polio na sindano ya pepopunda na wenzake, wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Surua, miezi tisa. Yote yamepigwa muhuri. Ndiyo sababu mwaka ule ulilala kitanda kimoja na wagonjwa na usipate kitu, na Mtumishi akakutolea ushuhuda wa imani.

Nimeitia kwenye bahasha ngumu pamoja na leso mbili za uzazi, nitaipeleka kesho kwa mabasi ya Mwembe Tayari. Nitakutumia namba ya mzigo. Mwonyeshe muuguzi, apige nakala, kisha uirudishe kwa basi lilelile. Mdogo wako ameniambia nisisahau kukuandikia hilo. Anataka irudi, kwa sababu ule upande wa nyuma ndiyo karatasi ya kwanza duniani iliyoandikwa jina lake.

Mama yako