Aliyeko shambani asiachwe nyuma kwa levo

Kaka, unaongoza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na unasema mhusika wa mchezaji wako wa Tandahimba yuko levo (ngazi ya nguvu) ya 2 kwa sababu msimu wa korosho unamtoa mezani, na wenzake wameshafika 5. Mpandishe leo hii, awe sawa nao. Usimngoje azisake pointi za uzoefu mdogo mdogo.

Angalia hesabu ya Dungeons & Dragons, mchezo wenyewe, kwa kanuni za 2014: levo ya 2 inataka pointi 300, ya 3 pointi 900, ya 4 pointi 2,700, ya 5 pointi 6,500. Na hiyo ya 5 ndiyo yenye kishindo: mpiganaji anapiga mara mbili kwenye zamu yake, mchawi anaweza kurusha mpira wa moto wenye madhara ya dadu nane za pande sita. Wa levo ya 2 hapo ni mtazamaji tu, na zimwi linalowatoa jasho wenzake litamlaza yeye kwa pigo moja.

Halafu usimpe pointi yule aliyeua adui tu. Kanuni zenyewe zinagawa pointi za kumshinda adui sawasawa kwa kundi. Sisi hapa Mtwara tulicheza kisa cha magofu ya Husuni Kubwa kule Kilwa. Kundi likambembeleza mlinzi wa lango mpaka akawafungulia, hakuna upanga uliochomolewa. Niliwapa pointi zote, kama vile wamemshinda vitani. Tangu siku hiyo wanaongea kwanza.

Anayehudhuria kila kikao naye anastahili kitu, ila kisiwe levo: mpe cheo, nahodha mwenye deni la fadhila kwake, au jambia lenye jina.