Pisi lili ina majani kibao ila haitoi ua? Angalia mwanga kabla ya mbolea

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu mimea ya ndani ni hili, pisi lili yangu (peace lily, ule mmea wa ua jeupe) imejaa majani, kijani kabisa, haina ugonjwa wowote ila ua hata moja hakuna, niweke mbolea gani? Na mimi huwa naanza kwa kuuliza umeiweka wapi. Mara nyingi naambiwa iko kwenye kona nyuma ya kochi au koridoni, kwa sababu mtu alishaambiwa huu mmea unapenda giza. Jamani haupendi giza, unalivumilia tu.

Asili yake ni misitu ya joto, hasa ya Amerika ya Kati na Kusini, inaota chini ya miti mikubwa, mara nyingi karibu na vijito. Pale chini jua kali halifiki ila mwanga upo, ule uliochujwa na majani ya juu, na ndo mwanga inaoutaka hata ikiwa ndani ya nyumba. Ukiiweka penye mwanga hafifu itaishi na majani itatoa, ila ua linataka nguvu ya ziada na nguvu hiyo mmea unaitengeneza kwa mwanga, sio kwa mbolea. Mi zangu ziko karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Namna ninavyopima ni rahisi, mchana nasimamisha kiganja juu ya majani, nikiona kivuli kipo ila kingo zake zimefifia basi hapo pazuri, kivuli kikiwa kikali chenye mstari kabisa ujue jua litayaunguza majani na utaona mabaka yamepauka, na kama kivuli hakionekani kabisa basi usitegemee ua hapo. Ukishapata sehemu nzuri iache itulie, usiihamishe hamishe, na uwe na subira kwa sababu mabadiliko utayaona baada ya miezi, sio wiki.

Alafu kuna kitu wanunuzi wengi hawaambiwi. Wakuzaji wengi wakubwa huwa wanapulizia homoni inayoitwa asidi ya jibereliki ili mmea uchanue hata kama bado mdogo, uuzike vizuri. Kwahiyo ukinunua ina maua, yakaisha, ikakaa muda mrefu bila kutoa mengine, sio kwamba umeiharibu, inabidi sasa ikomae na ichanue kwa nguvu zake yenyewe.

Maji sasa, hapa ndo pisi lili nyingi zinakufa. Sifuati ratiba ya kalenda, natia kidole kwenye udongo, kama sentimita 2 au 3 za juu zimekauka namwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, alafu namwaga yale yaliyobaki kwenye kisahani. Huu mmea ukiwa na kiu unalala majani yote chini utafikiri umekufa, ukiupa maji baada ya masaa machache umesimama tena. Watu wakishaliona hilo wanaanza kusubiri ulale ndo wamwagilie, mi sishauri, ukiufanyia hivo mara kwa mara majani ya chini yanakuwa njano na mmea unachoka. Na kuna kulala kwa aina nyingine ambako ni hatari zaidi, majani yamelala lakini ukigusa udongo umelowa. Hapo USIONGEZE MAJI. Itoe kwenye chungu uangalie mizizi, mizima ni myeupe au rangi ya krimu na ni migumu kidogo, iliyooza ni ya kahawia, inateleza, ukiivuta ganda linabaki vidoleni na harufu yake ni ya uvundo. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, panda upya kwenye udongo mpya mwepesi usiotuamisha maji, mi nachanganya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), mboji na perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi).

Ncha za majani kuwa kahawia inasumbua wengi, na mara nyingi sababu ni chumvichumvi, kutoka kwenye maji ya bomba au mbolea iliyozidi, japo hewa kavu na udongo kuachwa ukauke sana navyo vinachangia. Ukipata maji ya mvua tumia hayo. Kama huna, mara moja moja pitisha maji mengi kwenye udongo yatiririke chini ili yabebe zile chumvi.

Mbolea iwe kidogo tu, ile ya maji yenye virutubisho vyote, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki 6 hadi 8 kipindi inakua. Ukizidisha yenye naitrojeni nyingi utapata majani makubwa ya kupendeza na maua hutayaona.

Chungu nacho kisiwe kikubwa kupita kiasi, yani usifikiri unaipa nafasi ya kujiachia. Udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia unakaa na maji muda mrefu na kuoza kunaanzia hapo, na pia mizizi ikibanwa kidogo inachanua vizuri tu. Hamisha ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu au maji yanapita moja kwa moja bila kunywewa. Joto la nyuzi 18 hadi 27 linaifaa, ila isikae mbele ya kiyoyozi.

Ua likianza utalijua mapema ukiangalia kwa karibu. Jani jipya linatoka limejiviringa, jembamba, kijani, ila ua linatoka kwenye kikonyo likiwa nene zaidi, limetuna katikati na rangi imepauka. Ile sehemu nyeupe ni jani lililobadilika, maua yenyewe ni yale madogo madogo yaliyobanana kwenye kijiti cha katikati, na ule unga mweupe unaodondokea majani ni chavua, sio ugonjwa, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Ua likizeeka linageuka kijani, hiyo ni kawaida, alafu linakauka. Likifika hapo fuata kikonyo mpaka chini kabisa kwenye shina ukate huko, usikate katikati ukaacha kijiti, kwa sababu kikonyo hicho hakitoi ua lingine.

Ukimaliza kukata nawa mikono, utomvu wake unawasha. Majani yana vichembe vya kalsiamu oksaleti ambavyo mtoto, paka au mbwa akitafuna vinamchoma mdomo na koo, anadondosha mate na anaweza kutapika, kwahiyo kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au paka mtafunaji, iweke karibu na dirisha sehemu ambayo hawafiki kabisa, na kumbuka paka anaruka mpaka juu ya meza.