Muulize fundi: Kwodi iliyogoma kuachia breki

Wiki hii nusu ya maswali ni ya kwodi, zile pikipiki za magurudumu manne. Naona wageni wameanza kuingia, wakodishaji wamezitoa bandani wakazikuta zimeganda.

Fundi, breki ya nyuma ya kwodi yangu inashika, haiachii. Nifanyeje? (Paje)

Wewe ni wa nne kuuliza hivi, na nyote hamkusema kama ni ya waya au ya mafuta, ya diski au ya ngoma. Mimi sipigi ramli. Nachukulia ni diski ya mafuta, maana hiyo ndiyo naletewa zaidi kutoka pwani ya huko.

Inyanyue nyuma kwa jeki, weka na magogo chini, jeki haiaminiki. Tia nyutro. Hakikisha breki ya kuegeshea imeachia kweli. Usicheke: nilishaletewa kwodi kwa gari ya mizigo kutoka Nungwi, kumbe kile kipini kilikuwa kimebana nusu, basi.

Kanyaga pedeli mara tatu, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, legeza kidogo ile nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, ujue presha ilinaswa huko juu: ama mpira wa breki umevimba kwa ndani, ama masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, hairudi. Ishike pedeli kwa mkono. Lazima iwe na mchezo kidogo kabla haijaanza kusukuma. Kuna mafundi wanaikaza ile fimbo ya masta eti breki iwe kali. Hapo kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, mafuta yakipata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, breki inajibana yenyewe. Asubuhi kwodi inakwenda, ikifika saa sita imegoma njiani na mgeni juu.

Ukilegeza nati na gurudumu bado zito, ugonjwa uko kwenye kalipa. Toa pedi uzitazame. Moja imeisha mpaka chuma na mwenzake bado nene? Pini za kutelezea zimeshika. Juzi nilifungua kalipa ya kwodi moja ya Jambiani: kile kifuniko cha mpira kimechanika, ndani mchanga mweupe umegandana na chumvi kama kashata. Pini ilitoka kwa nyundo. Kama kutu haijaila, isugue kwa msasa laini, uipake grisi ya silikoni. Si grisi ya beringi, hiyo inavimbisha mpira na mwezi ujao utaniandikia tena. Ukimaliza toa upepo, pedeli iwe ngumu ndipo uondoke.

Gurudumu la kushoto nyuma linashika, la kulia zima. Nibadilishe pedi za kushoto tu? (Kiwengwa)

Kama ni ya cheni na ekseli moja, diski nayo ni moja, na magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Hizo pedi za kushoto hazipo. Angalia nati za gurudumu na habu.

Mafuta ya breki hayapatikani huku. Nitie oili ya injini kidogo, nifike Chake tu? (Makangale)

Hapana. Kila mpira ulio ndani utavimba, na utanunua masta, kalipa na vyote vya katikati. Tia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 4, kutoka chupa iliyofungwa. Ile iliyokaa wazi dirishani tangu mwaka jana imeshakunywa unyevu. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, iliyolowa inaweza kushuka hadi 155.

Yangu ya ngoma. Nikipita madimbwi ya masika inashika, ikikauka inaachia. (Wete)

Angalau wewe umeeleza. Ule mkono wa breki hauzunguki vizuri kwenye tundu lake. Fungua ngoma, toa viatu vya breki, ng'oa mhimili wa huo mkono, usafishe, upake grisi kiasi cha kucha, isifike kwenye viatu. Waya nao uvute kwa mkono: ukikwama ndani ya ala yake, badilisha. Na lile vumbi la ngoma usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Napuliza dawa ya kutu kila Ijumaa, inakaa wiki inarudi. Kuna kali zaidi? (Kendwa)

Ipo, inatoka mferejini. Mnawapitisha wageni kwenye mawimbi wapige picha, jioni kwodi inalala na chumvi yake, halafu mnatafuta dawa ya chupa. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ileile, kwa mpira wa kawaida, si ule wa presha unaosukuma mchanga ndani ya sili. Kisha iendeshe kidogo huku ukigusa breki ikauke. Hiyo dawa yako ikifika kwenye diski na pedi, breki iliyokuwa haiachii itakuwa haishiki, na mgeni wako hata kofia ngumu hukumpa.

Nikiitoa kabisa ya nyuma, ya mbele haitoshi? (Hakutaja anakotoka)

Haitoshi. Niandikie tena unitajie banda lako liko wapi, niwaambie wanangu wapite njia nyingine.