Kuazimana gari: bima inafuata gari ila dereva ataulizwa leseni

Mdau umeuliza, unataka kuazima gari ya rafiki yako uende nayo harusini Tanga, ukigonga bima italipa au mpaka awe anaendesha mwenye gari. Ngoja nikuambie yaliyonikuta maana hili liliniuma sana.

Bima inakatwa kwa gari, kwa namba yake ya usajili, kwahiyo kawaida mtu akiendesha kwa ruhusa ya mwenye nayo na leseni yake iko hai, inafanya kazi. Watu wengi wanaishia kujua hapo tu.

Mimi nina IST, nilikuwa nimeikatia bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari yako mwenyewe. Shemeji akaniomba aende nayo msibani Korogwe nikampa funguo usiku uleule, leseni hata sikuuliza, utamdaije leseni mtu kafiwa? Kabla ya Chalinze Fuso ikafunga breki mbele yake akaingia nyuma. Namshukuru Mungu wote walitoka wazima, ila sho, taa mbili, boneti na rejeta vikaenda. Trafiki wakaja wakapima, ripoti ya polisi tukaipata, fomu ya madai nikajaza nikapeleka ofisini kwa kampuni ya bima. Yule dada pale mezani akachukua leseni ya shemeji, akaweka kidole kwenye tarehe ya mwisho, akanigeuzia nione. Ilikuwa imeisha siku 9 kabla ya ajali. Wakakataa kulipa, gereji nikatoa 2,300,000 mfukoni na mpaka leo mimi na shemeji tukikutana ni salamu tu.

Sasa wewe, kwanza jua gari ina bima gani. Kama ni bima ndogo, yaani third party, inamlipa uliyemgonga, gari ya rafiki yako utaitengeneza wewe. Usiangalie stika tu kwenye kioo, ingia kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, weka namba ya gari uone kama bima iko hai, ni dakika moja na kuna watu bima iliisha zamani wanatembea tu. Na ukienda hiyo harusi usibebe wageni kwa nauli, gari ya binafsi ukiifanyia biashara umewapa sababu ya kukukatalia, na mkiwa njiani umechoka usimwachie usukani kijana yeyote eti anajua kuendesha, mwenye gari hajampa ruhusa na leseni yake hamjaiona.

Halafu kuna eksesi, yaani hata bima kubwa ikilipa kuna kiasi mwenye gari anabeba kwanza mwenyewe, na dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni mpya mara nyingi wanaiongeza. Hapo ndipo urafiki unapovunjikia kwahiyo muulize kabla hujapewa funguo, hiyo eksesi nikigonga nalipa mimi au wewe, na mwandikiane hata kwa meseji.