Nyota 12 ni za Wagiriki kweli?

Ndugu yangu uliyeuliza kama zile nyota 12 za unajimu walizibuni Wagiriki: hapana, walizikuta Babeli. Makuhani na waandishi wa huko ndio waliougawa mzunguko wa anga katika mafungu 12 ya nyuzi 30 kila moja, kwenye karne ya 5 KK. Na vipo vibao vya udongo vya mwaka 410 KK vinavyoeleza sayari zilikuwa wapi siku mtoto fulani alipozaliwa.

Mtazame huyo Mbuzi wa nyota ya Jadi. Umewahi kujiuliza kwa nini anachorwa na mkia wa samaki? Ni mnyama wa Ea, mungu wa maji wa Babeli. Alichongwa kwenye mawe yao zamani sana, Wagiriki wakamchukua na mkia wake.

Sayari nazo vivyo hivyo. Zuhura ilikuwa ya Ishtar, ikawa ya Aphrodite, Roma wakaiita Venus. Mushtarii ilitoka kwa Marduk ikaenda kwa Zeus, kisha Jupiter.

Waroma wenyewe walijua asili ya unajimu: mnajimu walimwita Mkaldayo, yaani mtu wa Babeli, jina lile lile la kwenye kitabu cha Danieli. Mwaka 139 KK waliwapa wanajimu hao siku kumi waondoke Roma. Hawakukoma, maana wateja walikuwepo.

Ila tuwe waungwana: kupiga hesabu ya nyota inayochomoza upeoni saa ya kuzaliwa kulikuja baadaye, huko Misri ilipotawaliwa na Wagiriki. Hiyo si ya Babeli.