Daraja la Gitaa Halipigiliwi Skrubu

Fundi wa kwanza niliyempelekea gitaa la marehemu mjomba alilimaliza kwa saa mbili, akanitoza shilingi 30,000, nikamshukuru sana. Fundi wa pili alikaa nalo miezi minne, akanitoza 280,000, na mimi nikamsema kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Kama una gitaa la zamani uvunguni, la baba au la babu, na unajiandaa kulipeleka popote utakapoona kibao cha fundi, soma kwanza.

Gitaa lenyewe ni Höfner la Ujerumani, la miaka ya 1950. Mjomba alilinunua mkononi kwa mtu Dar es Salaam, akalipiga kwenye bendi hadi vidole vilipoanza kumsumbua, kisha likabaki ukutani pale Ilala. Wengi wakiliona husema, "Kumbe una galatoni." Galatoni tunaita gitaa kavu lolote, jina tulilorithi kwa yale magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, lakini hili ni la ukoo mwingine. Uso wake umebinuka kama wa fidla. Badala ya tundu moja la mviringo katikati, lina matundu mawili marefu yaliyochongwa kwa umbo la herufi f. Nyuzi zinapanda juu ya daraja la mbao, zinashuka upande wa pili na kufungwa kwenye mkia wa chuma huko chini kabisa.

Umbo hili lilikuja kwa sababu ya kelele. Kabla ya spika, mpiga gitaa aliyekaa katikati ya tarumbeta na ngoma alikuwa hasikiki. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson, kule Kalamazoo, Michigan, ilitoa gitaa la L-5 chini ya usimamizi wa Lloyd Loar: uso wa kubinuka, matundu ya f, sauti kavu inayopenya. Wengine wakafuata. Höfner hawakuhangaika sana kujifunza, maana kiwanda chao kilianzishwa mwaka 1887 huko Schönbach, mji uliokuwa ukiishi kwa kuchonga fidla.

Mwaka 2017 ofisi yetu ilihamia Dodoma, nami nikahama na gitaa. Nilifikiria makochi na friji. Kuhusu mbao ya gitaa sikufikiria lolote. Gitaa lile lilikuwa limenyonya unyevu wa Pwani kwa zaidi ya miaka arobaini. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni upepo na vumbi tu. Ukiona midomo yako imepasuka mwezi wa saba, ujue na mbao ndani ya nyumba inapitia yale yale. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Uso wa gitaa ni mwembamba na umegundishwa pande zote kwenye mbavu, kwa hiyo ukitaka kusinyaa hauna pa kwenda. Unachanika.

Wangu ulichanika Septemba, usiku, kwa mlio kama wa kijiti kilichokanyagwa. Ufa wa shubiri moja, kutoka kwenye tundu la f kuelekea chini.

Na mimi nikaongeza kosa langu. Nilitoa nyuzi zote kwa mpigo ili nilifute vumbi vizuri, daraja likaanguka mkononi. Nikajua nimelivunja! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba daraja la gitaa la aina hii halina gundi wala msumari. Limekaa tu juu ya uso, linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi. Fundi wa kwanza naye hakuambiwa. Alimimina supaglu kwenye ufa, akaligundisha daraja, na kwa kujihakikishia akapiga skrubu mbili kupita kwenye uso. "Sasa haliendi popote, dada," akasema. Kweli halikwenda.

Nilipolipiga, nyuzi zikiwa wazi zilikuwa sawa, lakini kadiri nilivyopanda shingoni ndivyo sauti zilivyozidi kupishana, kama kwaya ambayo kila mtu kaanza na noti yake. Hili unaweza kulipima mwenyewe kwa rula. Anzia pale nyuzi zinapotokea kichwani hadi freti ya 12, yaani kile kipande cha 12 cha chuma kilichokatiza shingo. Umbali huo uwe sawa na kutoka freti ya 12 hadi darajani, na huu wa pili uzidi kidogo upande wa nyuzi nene. Langu lilipungua karibu sentimita moja. Kwa nyuzi hiyo ni kama maili.

Mwenzangu wa kwaya ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayeishi Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Nilimkuta chini ya mwarobaini anatoboa kibuyu cha zeze. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akacheka nilivyobabaika kujibu. Anatengeneza zeze na ilimba, kile kinanda cha Wagogo kinachopigwa kwa vidole gumba, anawamba ngoma za muheme, na viti ndivyo vinavyomlisha. Ujanani alifundishwa useremala misheni, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza vinanda. Nilikuwa nimeshaweka kesi ya gitaa mezani tayari kuifungua, yeye akawa bado ananihoji. Limetoka wapi? Limekaa chumba gani, ukuta wa upande gani? Nani amelishika kabla yangu? Ametia gundi gani? Fundi asiyeuliza lolote kabla ya kutaja bei, mwage mapema.

Alipofungua kesi, kitu cha kwanza alichofanya ni kunusa. Ile bamba ya plastiki inayozuia kucha zisikwaruze uso ni ya seluloidi, na seluloidi ikizeeka huoza polepole na kutoa mvuke unaokula vyuma. Akanionyesha jinsi mkia ulivyoanza kuota kutu upande mmoja tu, ule ulioelekea bamba. Akaing'oa, akanipa nikaiweke mbali na gitaa. Kisha akaanza kugonga uso kwa fundo la kidole, sentimita kwa sentimita, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mlangoni. Ko, ko, ko, halafu mahali fulani, bwe. "Hapa mhimili umeachia." Ndani ya uso kuna mihimili miwili mirefu ya mbao inayoubeba. Nyuzi sita za chuma zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, na sehemu ya nguvu hiyo inalikandamiza daraja. Mhimili ukiachia, uso unaanza kutitia, na kila noti unayopiga inatetema kama bati lililolegea.

"Kwenye ilimba," akaniambia, "sisi tunaweka utando wa buibui makusudi ili ivume. Hiki chako mvumo ni ugonjwa." Mtu aliyezoea kuutengeneza mvumo anajua kuutafuta. Nimewasikia watu wakisema gitaa la Mzungu lipelekwe kwa aliyesomea magitaa. Huku kwetu, sikio linalojua ilimba, lile ambalo Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alilitembeza majukwaa ya dunia, mimi naliamini kuliko cheti.

Baadaye akaingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kupitia tundu la f, akamulika na tochi ya simu, akanyamaza kidogo. "Hapa alishapita mtu." Upande wa nyuzi nene kulikuwa na ufa mwingine wa zamani, umezibwa kwa vibandiko vinne vyembamba vya mbao, vimepangwa kwa umbali sawa, kingo zimelainishwa kwa msasa. Kwa nje sikuwa nimewahi kuuona, na nimeishi na gitaa lile tangu niko darasa la tatu. Mjomba hakuwahi kuutaja. Kuna fundi, pengine wa Dar, miaka hiyo, aliyekaa siku kadhaa akifanya kazi mahali ambapo hakuna angetazama. Mzee alikitazama kile kibandiko cha mwisho kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama ufa wangu.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutofanya kitu. Aliliweka gitaa ndani ya kreti la mbao pamoja na vitambaa vibichi, visiliguse, akalifunika wiki tatu. Ufa ukajifunga wenyewe karibu wote, isipokuwa pale supaglu ilipokuwa imegandia. Hapo nikaelewa kwa nini alikunja uso nilipomtajia gundi ile. Supaglu inazama kwenye nyuzi za mbao na kuwa kama kioo. Kuitoa ni kukwangua na mbao yake, na gundi nyingine haishiki juu yake. Yeye anatumia gundi ya ngozi, anayoichemsha mwenyewe kwa mabaki ya ngozi za mbuzi yanayobaki akiwamba ngoma. Inanuka, sitakudanganya. Lakini inashika sawasawa, na siku fundi mwingine akitaka kuifungua, joto na maji kidogo vinatosha. Fidla zinagundishwa hivyo tangu karne na karne, na sababu ni hiyo hiyo: aliyezijenga alijua zitafunguliwa.

Sasa vibandiko. Gitaa la tundu la mviringo unaingiza mkono mzima. Tundu la f linapitisha vidole viwili, navyo havifiki mbali. Mzee alichonga vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye mbao ya sprusi, mti wa nchi za baridi, ule ule wa uso wa gitaa. Aliupata wapi Dodoma? Kwenye kinanda kibovu cha kanisa kilichokuwa kinasubiri kuwa kuni. Ubao wake wa sauti ni sprusi tupu. Kila kipande alikitoboa kwa sindano, akapitisha uzi wa gitaa namba moja, ule mwembamba, kishanga chake kikizuia kwa chini. Ncha ya pili akaivua kutoka ndani kwa waya na kuitoa juu kupitia ufa wenyewe. Akaifunga kwenye kifunguo chakavu cha gitaa, kile cha kukazia nyuzi, alichokipigilia kwenye kijiti, akawa anakizungusha taratibu, kipande kikapanda ndani ya giza, kikakaa chini ya ufa, nyuzi za mbao yake zikiukingama ufa. Gundi ilishapakwa. Akakaza, akaacha hadi kesho. Kesho akalegeza, akasukuma uzi chini, akaunasa na kuutoa. Tundu lililobaki ni la sindano. Vibandiko vitano, siku tano, na siku ya tatu kimoja kilikaa upande akakibandua aanze upya.

Mimi siku hiyo ya tatu nilimpigia simu kumuuliza kama ameshamaliza.

Daraja alilichonga upya kwa mpingo, nyayo zake akizisugua juu ya msasa uliolazwa usoni mwa gitaa hadi zikalala bila mwanya hata wa karatasi. Kile kijiti cha kichwani kinachopokea nyuzi alikitengeneza kwa mfupa wa ng'ombe wa buchani, uliochemshwa ukatoka mafuta na kuanikwa. Matundu ya skrubu aliyaziba kwa sprusi ya kinanda kile kile. Ukiliweka juani utayaona, ukipitisha kidole hutayasikia. Doa la supaglu lipo bado. Nilimwomba apige msasa na vanishi mpya ling'ae, akakataa. Uso ni mwembamba, akasema, kila msasa unaupunguza, na rangi hii ndiyo aliyoizoea mjomba wako. Nilikasirika kidogo. Siku hizi doa lile ndilo nalotazama nikitaka kukumbuka shilingi 30,000 zinanunua nini.

Kuhusu bei, basi. Piga hesabu ya siku, usihesabu vipande vya mbao. Ukimpelekea mtu wa namna hii gitaa, lipia hata ile saa ya kugonga na kunusa, hasa akikwambia usilitengeneze. Jirani yangu alimpelekea mzee gitaa jipya la plaiwudi shingo imepinda; mzee alimwambia wazi kwamba matengenezo yatazidi bei ya gitaa, anunue lingine. Akataka kumrudisha bila kupokea kitu. Jirani alimwachia elfu kumi, na alifanya vizuri. Usimpigie simu kila siku kama mimi. Na siku ya kuchukua, usiondoke kabla hujaomba kioo na tochi utazame ndani. Kazi uliyolipia iko huko, na mzee hakuficha furaha yake nilipomwomba, alinishikia tochi mwenyewe.

Ya nyumbani ni machache. Badilisha nyuzi moja moja, usizitoe zote, na kabla hujagusa chochote weka alama ya penseli nyembamba pembeni mwa nyayo za daraja. Nunua kipima unyevu kidogo, cha bei rahisi kinatosha. Gitaa linapenda asilimia 45 hadi 55, na chumbani kwangu Agosti kilisoma 28. Ninaweka sponji mbichi iliyokamuliwa ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kinalala ndani ya kesi chini ya shingo, nakilowesha kila Jumapili nikirudi kanisani. Usilitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni. Usiliache kwenye gari pale Jamatini hata kwa dakika za kununua nyanya. Gundi ya ngozi na gari lililofungwa saa nane mchana havipatani.

Mzee ameniambia nilirudishe kila mwisho wa kiangazi aligonge tena. Hatozi, ila nimpelekee nyuzi kuukuu, zile namba moja. Ukimkosa chini ya mwarobaini, yuko shambani kwenye zabibu, na simu ameiacha nyumbani.