Tambi nyeusi za Halloween: funga kopo la mkaa, tafuta wino wa ngisi

SWALI: Shikamoo mpishi. Naishi Minneapolis, Marekani, na familia yangu. Tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween ya mavazi na michezo ya kutisha, wanangu wamealika wenzao wa shule, nasi tumealika majirani. Jumla tutakuwa kumi na wawili, watano kati yetu watoto. Nataka kupika tambi nyeusi za kutisha, zenye "macho" ya jibini na mchuzi mwekundu kama damu. Kwenye video moja nimeona wakitia sufuriani vijiko vitatu vya mkaa wa dawa, ule unga wa kwenye kopo, na msemaji anasema ni wa asili na unasafisha sumu mwilini. Je, nitie kiasi gani ili rangi ikolee bila kuharibu ladha? Mama mkwe yuko kwetu, anatumia dawa za presha, na chumvi anapunguza.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitie hata chembe. Ladha si tatizo, maana mkaa huu hauna ladha yoyote, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tatizo ni vidonge vya mama mkwe wako.

Mkaa wa dawa hutengenezwa kwa kuchoma vifuu vya nazi au mbao, kisha hupitishwa kwenye mvuke wa moto mkali mpaka kila chembe inajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Ungeweza kuvikunjua vitundu vya gramu moja tu, ungetandaza zaidi ya meta za mraba 500. Vitu vingi vinavyopita karibu hunata humo. Ndiyo maana hospitali huutumia kwa mtu aliyekunywa sumu: mtu mzima hupewa gramu 50 hadi 100, na hesabu ya kawaida ni mkaa mara kumi ya uzito wa alichomeza.

Hawa wa video wamelidaka neno "sumu" wakaliacha "alichomeza". Mkaa hauingii kwenye damu. Unapita tumboni, unapita kwenye utumbo, unatoka chooni mweusi vilevile ulivyoingia. Ini hauligusi, figo hauzigusi. Utasafishaje mahali usipofika? Unachokikuta njiani ndicho unachokishika, kiwe sumu, kiwe dawa aliyoandikiwa mgonjwa.

Sasa tupige hesabu. Kidonge cha amlodipini, dawa ya presha wanayoitumia wazee wetu wengi, kina miligramu 5 au 10. Gramu moja ya mkaa ni miligramu 1,000. Kwa hesabu ileile ya mara kumi, gramu hiyo moja inatosha kushika vidonge ishirini vya miligramu 5. Kwa hiyo anayeniambia "ni kijiko tu, mpishi" hajui anachokisema. Vidonge vya uzazi wa mpango ndiyo usiseme: homoni ya estrojeni iliyomo mara nyingi ni maikrogramu 20 hadi 35, wala haifiki hata sehemu ya ishirini ya miligramu moja. Dawa za kifafa nazo hunaswa.

Miaka miwili iliyopita nilialikwa chakula kama hiki chako. Sahani nyeusi tii, watoto wanachekana meno. Bibi mmoja aliyeketi kushoto kwangu akafungua kijaluba chake cha vidonge, akatoa kimoja, akakimeza kwa maji, akarudia uma wake. Nikamuuliza mwenye nyumba ametia rangi gani. Akaniletea kopo, anatabasamu. Nilimwomba bibi aache kula palepale, na bintiye akampigia mfamasia usiku uleule. Karamu ikapoa na wengine wakaninunia. Hata leo nitafanya vivyo hivyo.

Jiji la New York liliwazuia wenye migahawa kuutia mkaa huu kwenye vyakula na vinywaji mwaka 2018, kwa kuwa haumo katika orodha ya rangi za chakula zilizoidhinishwa Marekani. Wauzaji hupenda kutaja kwamba Ulaya ipo rangi ya mkaa wa mimea, E153, inayoruhusiwa. Hiyo ni rangi ya kiwandani yenye masharti yake, haimpi mtu ruhusa ya kumwaga kopo la duka la dawa sufuriani.

Weusi unaoutaka upo, na ni chakula. Watu wa Venice na Sicily, kule Italia, hupikia tambi wino wa ngisi na wa dome, jamaa yake ngisi. Mimi nilijifunza Malindi, katika jiko la hoteli iliyopokea Waitaliano wengi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumpasua dome polepole, kukitafuta kile kifuko cha rangi ya fedha kilichojishika na utumbo, na kukitoa kizima kwa ncha ya kisu. Kikipasuka, beseni zima jeusi, na kucha zinabaki hivyo siku mbili. Wewe huna haja ya shida hiyo. Uliza kwenye maduka ya samaki au ya vyakula vya Kiitaliano. Wino huuzwa katika pakiti ndogo, nyingi za gramu 4.

Usiumimine kwenye maji ya kuchemshia, utaumwaga karibu wote kwenye sinki. Kwa watu wazima saba kadiria gramu 100 za tambi kavu kila mmoja, na watoto watano gramu 60 kila mmoja: kilo moja kamili. Tumia sufuria mbili, kila moja lita 5 za maji. Chumvi ipunguze, kwa ajili ya mama mkwe na kwa kuwa wino wenyewe una chumvi. Zichuje dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, ubakize vikombe viwili vya maji yake. Kwenye karai pana kaanga kitunguu saumu kwa mafuta ya zeituni bila kukiunguza, tia pakiti nne za wino na kikombe kimoja cha yale maji, koroga, kisha ingiza tambi uzigeuze mpaka zinywe weusi wote. Zikikauka, ongeza maji. Mchuzi mwekundu wa nyanya mwagia juu, na macho weka vitufe vya jibini la mozzarella vyenye kipande cha zeituni nyeusi katikati.

Waulize mapema wazazi wa wale watoto kama kuna mwenye mzio wa ngisi, pweza au chaza. Huyo mpikie tambi zake kwenye maji yaliyochemshiwa kabichi ya zambarau. Hutoka na rangi kati ya zambarau na bluu, na akizikamulia ndimu mezani zinageuka waridi mbele ya macho yake. Watoto wengine watamwonea wivu.

Na ninyi wasomaji wengine, hili halijaishia kwenye tambi. Mkaa huu nauona kwenye limonadi, kwenye aiskrimu, kwenye mikate, na kwenye vidonge vya "kupunguza tumbo" vinavyopigiwa debe kwenye simu zetu. Kuna waliofikia hatua ya kusaga mkaa wa jiko, wenye majivu na masalia ya moshi, wakawapa watoto! Wanaouza watakwambia unatoa pombe ya jana. Mkaa haushiki pombe vizuri, wala madini ya chuma, wala lithiamu, dawa ya maradhi ya akili. Hata katika kazi yake halisi una mipaka, na anayeijua mipaka hiyo ni daktari.

Mtoto akimeza vidonge au sabuni, usikimbilie kumnywesha mkaa nyumbani, maana anayesinzia au kutapika anaweza kuuvuta ukaingia mapafuni. Akishindwa kupumua, akizirai au akipata degedege, piga 911. Akiwa macho na anapumua sawasawa, mlioko Marekani pigeni 1-800-222-1222, kituo cha sumu, bure, mchana na usiku. Waambie amemeza nini, saa ngapi na ana uzito gani, na kopo la alichokimeza uwe nalo mkononi unapozungumza nao.